Funga, Fungua, Usifungue

Chukua maneno mawili: funga na fungua. Mtoto wa chekechea hayachanganyi. Mwambie funga mlango, atafunga. Mwambie fungua, atafungua, hata kama unaongea huku unatafuna muhindi wa kuchoma. Sasa wape wenzetu wa kompyuta kazi ya kutengeneza kifaa kidogo kinachosikia maneno hayo mawili na kuyatofautisha, ndani ya chumba chenye redio inayoongea, msemaji akiwa mzee aliyelala kitandani na sauti yake ya chini. Hapo ndo utaelewa kwa nini mtu wa ualimu kama mimi, ambaye waya sigusi, nimejiingiza kwenye mambo haya. Kazi kubwa ya kifaa cha namna hii, kikitengenezwa kwa watu wa kwetu, iko kwenye lugha. Na lugha ni mambo yetu.

Vifaa vinavyoamriwa kwa sauti vimezoeleka sasa. Unaambia simu impigie fulani, inapiga. Kwako na kwangu ni starehe tu, kwa sababu swichi ya taa iko hatua tatu kutoka kitandani. Kwa mtu ambaye mikono na miguu haimtii, swichi hiyo iko mbali kama Mwanza. Kuna waliovunjika shingo kwa ajali ya bodaboda au kwa kuanguka kutoka mtini, kuna waliopigwa kiharusi, kuna waliozaliwa na mtindio wa ubongo, kuna wazee ambao viungo vimegoma tu. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na kati ya wenye umri wa miaka 7 na kuendelea asilimia 11.2 walikuwa na aina fulani ya ulemavu. Si wote wenye shida ya viungo, lakini hata kipande kidogo cha hao ni watu wengi. Mkoa wetu wa Simiyu peke yake una watu zaidi ya milioni 2.1.

Nitoe mfano ninaoujua. Malampaka, kule Maswa, mji wetu wa reli na mpunga, kuna bibi mmoja jirani yetu aliyepigwa kiharusi. Upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Sauti anayo, nzito kidogo lakini inaeleweka. Anaishi na mwanaye ambaye anashinda shambani au gulioni, na mjukuu wa kike anayesoma darasa la tano. Bibi akitaka taa iwashwe anamwita mjukuu. Akitaka redio ipunguzwe, mjukuu. Simu ikiita mezani, mjukuu. Usiku wa manane akiona giza limemzidi, mjukuu. Msimu wa palizi ukifika, mama yake mtoto anahitaji mtu wa kubaki na bibi mchana kutwa, na mnajua nani anabaki. Sisi tunaosoma ualimu tunafundishwa kuhesabu utoro kwenye daftari la mahudhurio. Daftari halina safu ya kuandika kwamba huyu yuko nyumbani kwa sababu ndiye swichi ya taa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kifaa cha sauti kitapimwaje, siulizi kinaelewa maneno mangapi. Nauliza mtoto ameamshwa mara ngapi usiku, na amekwenda shule siku ngapi wiki hii.

Lakini tusidanganyane. Kifaa cha sauti hakimgeuzi mtu kitandani. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya mgandamizo, na hiyo ni kazi ya mikono ya binadamu. Hakimpeleki chooni. Hakimpikii uji. Kinachoweza ni kuchukua zile kazi ndogondogo mia moja za siku ili mikono ya binadamu ibaki kwa zile kubwa. Kinaweza pia kumkumbusha anayeuguza kwamba saa mbili zimepita, kwa kengele tu, na nadhani hicho peke yake kingeokoa ngozi za watu.

Sasa, mashine inasikiaje? Hewa inapotikisika kwa sauti yako, maikrofoni inageuza mtikisiko kuwa umeme, na kompyuta inaupima umeme huo mara 16,000 kwa sekunde. Halafu inaukata vipande vidogo sana, kila kimoja kama sehemu 25 za elfu ya sekunde, na kwa kila kipande inaangalia ni nguvu kiasi gani iko kwenye sauti nene na kiasi gani kwenye sauti nyembamba. Ukivipanga vipande hivyo kwa safu unapata kitu kama picha: irabu zinaonekana kama mistari mizito, herufi s na sh zinaonekana kama vumbi juu ya picha. Baada ya hapo kazi inafanana na ile ya kutambua sura. Modeli imeonyeshwa maelfu ya picha za neno "washa" kutoka kwa watu mbalimbali, na inapoona picha mpya inasema: hii inafanana na washa kwa kiasi hiki. Kikizidi kiwango ulichoweka, taa inawaka.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi tunavyodhani. Miaka ya 1920 Marekani kulikuwa na toi la mbwa aliyeitwa Radio Rex, aliyekuwa anaruka kutoka kwenye kibanda chake ukimwita jina. Ndani hakukuwa na akili yoyote, kulikuwa na springi iliyofyatuka kwa mtikisiko wa ile irabu ya "Rex". Neno lolote lenye irabu ya namna hiyo lingeweza kumtoa nje. Mwaka 1952 maabara ya Bell ikatengeneza mashine iliyotambua tarakimu zinazotamkwa, ikifanya vizuri kwa msemaji iliyemzoea. Miaka sabini na kitu baadaye matatizo ni yaleyale mawili: neno linalofanana na lingine, na msemaji ambaye mashine haijamzoea.

Na hapa ndipo Malampaka inapoingia.

Wasukuma wenzangu hawatanikasirikia nikisema hili, kwa sababu watani wetu wameshalisema sana: r na l kwetu ni ndugu. Kisukuma hakina r. Mzee aliyekua na Kisukuma akiongea Kiswahili, "kura" na "kula" zinaweza kutoka sawa, na hakuna mtu anayepata shida kumwelewa, maana hakuna anayekwenda kula kwenye kituo cha kupigia kura. (Ingawa miaka mingine… tuache.) Binadamu anatumia muktadha. Mashine ndogo ya maneno machache haina muktadha. Vilevile "thelathini" itakuja kama "selasini", na "dhahabu" kama "zahabu". Kama modeli imefundishwa kwa sauti za watangazaji wa redio peke yao, itamwona bibi yetu kama anaongea lugha nyingine.

Suluhisho la kwanza ni la bure kabisa, nashangaa kwa nini halizungumzwi: chagua maneno ya amri ambayo hayategemei sauti hizo. Kama amri zote zinatofautiana bila kuhitaji r, l, th wala dh, umeshamaliza nusu ya tatizo kabla hujanunua hata waya mmoja. "Ongeza" na "punguza" ni jozi nzuri sana, zinamalizika kufanana lakini mwanzo ziko mbali. "Washa" na "zima" ni nzuri pia. Lakini angalia mtego: watu wengi wakitaka kitu kiachwe wanasema "wacha". Washa, wacha. Mtu anamwambia mtoto "wacha" na taa inawaka. Hivyo amri ya kusitisha isiwe neno hilo, na majaribio ya "washa" lazima yafanyike ukiwa umerekodi "wacha" nyingi kama mifano ya kukataliwa.

Halafu kuna "simama". Kwenye miradi ya kiti cha magurudumu kinachoamriwa kwa sauti, neno la kusimamisha kiti huwa ni hilo. Kiswahili kinalitumia kwa kusita mwendo na kwa kuinuka kutoka ulipokaa. Mgeni anaingia, anaambiwa "usisimame, kaa tu", na kiti kinafunga breki. Hapo nafuu, kimesimama. Kibaya ni "kulia", ambayo ni upande, ni kutoa machozi, na ni chombo cha kulia chakula. Mtu anasema "mtoto ameanza kulia" na kiti kinakata kona.

Lakini mtihani wenyewe wa Kiswahili uko kwenye kitenzi. Kiingereza kina bahati kwamba neno la amri linasimama peke yake, halibadiliki sana. Sisi kitenzi chetu ni kama behewa la treni, vitu vinaunganishwa mbele na nyuma. Washa, iwashe, uiwashe, niwashie, naomba uniwashie, hebu niwashie, si uwashe basi. Zote ni taa ile ile. Ukisema kifaa kitafute sauti ya "washa" tu, "niwashie" kitaikosa, kwa sababu a imegeuka i. Ukisema basi kitafute kipande "wash" popote kilipo, utakuwa umefungua mlango wa matatizo mengine: mgonjwa anayelalamika "ngozi inaniwasha" atawasha taa. "Nizimie" ni ombi la kuzima. "Amezimia" ni habari ya mtu aliyepoteza fahamu, na wakati huo kitu cha mwisho unachotaka ni chumba kiwe giza.

Na kuna ukanushi. "Usifungue." Kifaa kinachosaka "fungu" ndani ya sentensi kitasikia fungu na kufungua. Mtu yuko peke yake, hodi imegongwa usiku na sauti asiyoijua, anamwambia mwenzake kwenye simu "mimi sifungui", mlango unafunguka. Huu si utani. Kwa mtu asiyeweza kukimbia, kosa moja la namna hiyo ni kubwa kuliko mara mia za taa kukataa kuwaka. Kwenye Kiswahili ukanushi unakaa mwanzoni mwa kitenzi, usi-, si-, hu-, silabi nyepesi ambazo msemaji aliyechoka huzimeza. Mashine inasikia mwisho wa neno vizuri na mwanzo wake vibaya. Yaani kipande kinachobeba uhai ndicho kinachopotea.

Wengine watasema, mfundishe mtumiaji aseme amri fupi kavu: "Washa." "Zima." Inawezekana, na watu wanajifunza. Lakini jaribu kumwambia mtu mzima wa Usukumani aishi siku nzima akitoa amri kavu ndani ya nyumba yenye watu. Bibi yule hamwambii hata mjukuu wake "zima taa" hivihivi, anaanza na jina, halafu "hebu", halafu ndo ombi. Adabu iko mdomoni kabla ya akili kufikiri. Nadhani ni rahisi zaidi kuifundisha mashine ipokee "naomba" na "hebu" mwanzoni kuliko kumfundisha mzee wa miaka sabini kuziacha. Na kwa wanaobisha, mimi nasema hivi: kifaa kinachomlazimisha mtu aongee kama afande kitawekwa chini ya kitanda baada ya wiki mbili.

Jina la kukiamsha kifaa nalo lina hesabu zake. Kifaa hakitakiwi kutekeleza kila kinachosikika, kwa hiyo kwanza unakiita kwa jina ndipo kinategea sikio. Jina liwe la silabi tatu au nne, irabu ziwe tofauti, na lisiwe linasemwa ovyo nyumbani wala redioni. Malampaka ukikiita Masanja, mtaa mzima utaitika. Kuna mwenzetu alipendekeza "Kinubi". Nililipenda, nani anasema kinubi siku za kazi? Jumapili kwaya ikisoma Zaburi ndo tutaona.

Kelele. Vyumba vyetu vina bati bila dari. Mvua ya Machi ikishuka, watu wawili waliokaa kitanda kimoja hawasikilizani, sembuse kifaa kilichoning'inizwa ukutani. Kuna mashine za kukoboa mpunga, kuna treni, kuna redio ambayo kwa mgonjwa ndiyo rafiki wa siku nzima na haizimwi. Fizikia hapa haina huruma: ukizidisha umbali kati ya mdomo na maikrofoni mara mbili, nguvu ya sauti inayofika inabaki kama robo. Kwa hiyo maikrofoni ije kwa mtu. Ibanwe kwenye kola ya gauni au kwenye mto, na waya au redio ndogo ipeleke sauti kwenye kifaa. Ni mabadiliko ya bei ndogo yenye faida kuliko kununua modeli kubwa ya akili mnemba.

Kuna jambo la mwili ambalo wasomaji wa kitivo cha tiba wanalijua na wa uhandisi husahau. Uti wa mgongo ukiumia juu shingoni, mtu hapotezi mikono na miguu tu. Neva inayoendesha msuli mkubwa wa kupumulia inatoka kwenye pingili ya tatu hadi ya tano ya shingo, na misuli ya tumbo inayosukuma hewa nje inaweza kupooza. Matokeo yake sauti inakuwa ndogo na sentensi zinakuwa fupi, pumzi inaisha katikati ya neno. Aliyeumia zaidi ndiye anayehitaji zaidi kifaa cha sauti, na ndiye mwenye sauti dhaifu kuliko wote. Mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuwa na ulimi mzito, maneno yanavutika. Kifaa kilichopangwa kikate kusikiliza baada ya kimya kidogo kitamkatisha kabla hajamaliza. Kuongeza muda wa kusubiri ni mstari mmoja kwenye programu, ila lazima mtu awe amewaza hivyo. Google walianzisha mradi unaoitwa Euphonia mwaka 2019 kukusanya sauti za watu wa namna hii ili modeli ziwazoee, wakaanza na Kiingereza.

Na wapo ambao sauti haitawafaa kabisa. Kiharusi kikigonga upande wa ubongo unaoshika lugha, mtu anaweza kuelewa kila kitu na asiweze kutoa neno analolitaka. Kwa hao kuna njia nyingine za zamani na nzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika hospitali ya Stoke Mandeville kule Uingereza, Reg Maling alitengeneza POSSUM, kifaa ambacho mgonjwa anakiongoza kwa kunyonya na kupuliza mrija. Pumzi tu. Hakuna r, hakuna l, hakuna lafudhi. Mtu anayejenga kifaa cha sauti na hana nafasi ya kuchomeka swichi ya pumzi au ya shavu pembeni, amejenga kwa ajili ya maonyesho.

Nikirudi kwenye lugha, tuna mtaji gani? Fanya jaribio hapohapo kwenye kimbweta ulipokaa. Fungua kibodi ya Google kwenye simu yako, bonyeza alama ya maikrofoni, ongea Kiswahili. Itaandika, na mara nyingi vizuri. Kiswahili kiliongezwa Agosti 2017, pamoja na Kiamhari. Halafu kuna programu yao ya Voice Access, inayomwezesha mtu kuendesha simu nzima bila kugusa, kufungua programu, kubonyeza, kurudi nyuma. Hiyo ilitoka 2018 ikijua Kiingereza. Apple nao wakatoa ya kwao 2019, ikaanza vilevile na Kiingereza. Unaona pengo: kuandika ujumbe kwa Kiswahili tulipewa mapema, kushika usukani wa simu hatukupewa.

Pia kuandika kwa sauti kunakotegemea seva ya mbali kunahitaji bando. Wanachuo tunajua bando likiisha boom likiwa bado. Mgonjwa wa Malampaka ataambiwa taa yake haiwaki kwa sababu mtandao unasumbua? Kwa amri kumi hivi za nyumbani, hakuna haja ya intaneti. Chip ndogo kama ESP32, ambayo wenzetu wanaitumia kila mwaka kwenye miradi ya mwaka wa mwisho, inaweza kubeba modeli ya maneno machache ndani yake, ikaendeshwa na betri na paneli ndogo ya sola, na kuwasha taa kupitia rilei. Sauti haitoki chumbani. Hilo si la bei tu. Maikrofoni iliyo wazi saa zote kwenye chumba cha mtu asiyeweza kutoka inasikia maombi yake, ugomvi wa familia na mambo ya chooni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na njia rahisi ya kuitii ni kutokusanya.

Data za kufundishia zipo kiasi. Mozilla wana mradi wa Common Voice ulioanza 2017, ambapo mtu yeyote anasoma sentensi na kuchangia sauti yake bure, na mwaka 2021 walipata dola milioni 3.4 kwa ajili ya kazi hiyo kwa Kiswahili. Unaweza kuchangia hata leo jioni, na ukiwa unatoka kijijini kwenye lafudhi nzito ndo unahitajika zaidi. Usijilazimishe kusoma kama mtangazaji. Lakini sauti za kusoma hazitoshi kwa kazi hii. Mtu anayesoma sentensi anatamka neno zima. Anayemwita mjukuu usiku wa manane hatamki hivyo. Kwa kifaa cha nyumba moja, rekodi mia mbili za mtu mwenyewe, akiwa amelala chali, asubuhi na jioni, mwenye nguvu na aliyechoka, zina thamani kuliko saa nyingi za wageni.

Kuhusu makosa, kuna ya aina mbili, na kila aliyesoma takwimu ameyaona: kutenda bila kuombwa, na kuombwa bila kutenda. Ukipunguza moja unaongeza lingine. Kosa la wengi ni kuweka kiwango kimoja kwa amri zote. Taa ikiwaka bila kuombwa, nani anaumia? Weka kiwango chepesi, iwe rahisi kuwaka. Mlango uwe mgumu, na kabla ya kufungua kifaa kiulize: "Nifungue?" Jibu liwe ndiyo au hapana. Lisiwe ndiyo au siyo, maana mwisho wake ni mmoja na mwanzo ndo unaomezwa. Kupiga simu kukae katikati: kifaa kiseme kinampigia nani, kisubiri kidogo, kisipozuiwa kiendelee.

Kiti cha magurudumu mimi ningekiacha kwa sasa. Najua ndicho kinachopendeza kwenye maonyesho ya ubunifu, na picha zake ni nzuri. Sakafu ya ukumbi ni tambarare. Malampaka kuna luseni, mchanga unaomeza tairi, na kuna udongo mweusi wa mbuga ambao ukilowa unashika gurudumu kama ugali. Kiti kigumu cha kusukuma kwa mkono kinachotengenezeka kwa fundi baiskeli kinamfaa mtu kuliko kiti chenye injini kinachosikia Kiingereza. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, na vyote vinazungumzia vifaa saidizi. Hakuna mahali panaposema lazima viwe na taa za bluu.

Mimi na wenzangu wawili wa kompyuta tumeandika orodha ya amri tisa za kurekodi likizo ijayo kwa bibi yule, baada ya mwanaye kukubali na yeye mwenyewe kukubali, maana kuulizwa mwana peke yake hakutoshi. Nane tumeelewana: jina la kifaa, washa taa, zima taa, ongeza redio, punguza redio, piga simu, ndiyo, hapana. Kila moja itarekodiwa pia ikiwa na "hebu" na "naomba", na zile za kukataliwa ni nyingi kuliko amri zenyewe: wacha, inaniwasha, amezimia, usizime.

La tisa ni la hatari, la kuita watu usiku mtu anapokabwa au anapoanguka. Wenzangu walipendekeza "dharura". Nikawauliza ni nani waliyewahi kumsikia akipiga kelele "dharura". Wakasema basi "nisaidie". Nilipompigia simu mwanaye nikamuuliza bibi akizidiwa husema nini, alicheka kwanza. Akasema anaita "mayu wee", mama yake aliyekufa zamani, na baada ya hapo anaita jina la mjukuu. "Mayu" ni silabi mbili, fupi mno kwa mashine, na mtaani kila mama anasalimiwa hivyo, mwangaluka mayu, tangu asubuhi. Jina la mjukuu ni la silabi nne, irabu zake zinatofautiana, halina r. Kwa vipimo vyote ndilo neno bora kwenye orodha nzima. Shida ni kwamba tunataka kengele ya hatari ilie kwa mama mtu chumba cha pili ili mtoto alale, na bibi huliita jina hilo mara hamsini kwa siku, mengi ya mara hizo akitaka tu kujua kama ametoka shule.